Faharasa Ipo, Mbona Haitumiki?

Ndugu Mhariri ameniomba niandike jambo la historia kwa ajili ya toleo hili la mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani, naye bila shaka alitazamia habari za Majimaji au za wamisionari wa Peramiho, maana hizo ndizo historia tulizozoea kusimuliana. Ataniwia radhi. Historia ninayoileta mimi ni ya kompyuta, nayo inaanzia katika ofisi ya karani wa shule yetu.

Wale waliosoma nami katika miaka ya 1990 watamkumbuka karani huyo, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Mezani kwake palikuwa na vitabu viwili. Cha kwanza kilikuwa rejesta kubwa, na humo kila mwanafunzi aliandikwa kwa kufuata siku aliyowasili shuleni, wanafunzi ishirini katika kila ukurasa. Cha pili kilikuwa daftari jembamba lenye majina ya ukoo yaliyopangwa kwa alfabeti, na mbele ya kila jina namba ya ukurasa wa rejesta. Daftari hilo ndilo faharasa.

Siku moja ilifika hawala ya fedha kutoka posta, imeandikwa jina la ukoo tu la mwenzetu mmoja wa Liuli, kule ziwani. Jina hilo shuleni pote lilikuwa lake peke yake. Mzee akafungua daftari, akaona namba, akafungua rejesta kwenye ukurasa ule, kijana akaitwa. Haikupita hata dakika moja. Wiki iliyofuata ikaja hawala nyingine, nayo imeandikwa: Ndunguru.

Msomaji asiyetoka Mbinga huenda asielewe kwa nini sisi tuliokuwa dirishani tuliangua kicheko. Huku kwetu Umatengo ukiita Ndunguru darasani, safu nzima husimama. Ukiita Kapinga au Komba, husimama safu ya pili. Mimi nilikuwa nimetumwa kumsaidia mzee siku hiyo, kwa hiyo nikalichukua lile daftari na kuanza kumsomea namba: ukurasa wa 2, wa 3, wa 3 tena, wa 5, wa 6. Mzee alifunua mara nne au tano, kisha akaninyang'anya daftari, akaliweka kando, akafungua rejesta ukurasa wa kwanza na kushuka nao kwa kidole mpaka wa mwisho. Moyoni nilimwona mvivu, tena mtu wa kale asiyejua faida ya faharasa. Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini, na shahada ya Mlimani, na aibu moja kubwa kazini, kutambua kwamba mzee alikuwa amepiga hesabu kichwani na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kumbukumbu za Serikali, za benki na za hospitali siku hizi hutunzwa katika kanzidata, yaani rejesta kubwa iliyomo ndani ya kompyuta, iliyopangwa kwa majedwali yenye mistari na safu. Rejesta hiyo nayo huwa na faharasa zake. Na ndani ya programu inayoitunza mna karani asiyeonekana, ambaye nitamwita mpangaji wa njia (simsemi mpangaji wa nyumba, ambaye shida zake ni nyingine). Kila unapouliza swali, mpangaji huyu huamua kwanza: nipitie faharasa, au nisome jedwali zima tangu mwanzo? Vijana wengi wanaoanza kazi hii hushangaa kuona faharasa ipo, imegharimu muda na nafasi ya diski, na mpangaji anaipita kama haioni. Wengine hudhani programu imeharibika.

Kompyuta za zamani hazikuwa na mpangaji. Katika miaka ya 1960 Mmarekani Charles Bachman, akiwa katika kampuni ya General Electric, alibuni mojawapo ya kanzidata za mwanzo kabisa, na humo mwandishi wa programu ndiye aliyetafuta njia mwenyewe, akifuata viungo kutoka kumbukumbu moja hadi nyingine. Bachman alipopewa Tuzo ya Turing mwaka 1973, alitoa hotuba iliyomfananisha mwandishi wa programu na nahodha anayejiongozea chombo. Sifa hiyo ni nzuri, lakini wenzetu wa Mbamba Bay wanajua maana yake: nahodha ajuaye miamba akifa, chombo hubaki ufukoni. Njia ya kuzifikia kumbukumbu ikibadilishwa, programu zote zilizoitegemea zilibidi ziandikwe upya.

Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyosema kwamba kumbukumbu zikae katika majedwali, na mtu aseme anachotaka tu, bila kusema kitafutwe kwa njia gani. Wengi hawakusadiki. Mashine itawezaje kuchagua njia vizuri kama mtu mwenye akili zake? Ili kujaribu jambo hilo, IBM ilianzisha mwaka 1974 mradi wa utafiti ulioitwa System R.

Hapa naomba wanafunzi wa sasa wasimame kidogo, maana mwaka huohuo una historia yake kwetu. Tanzania ilikuwa imepata kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mambo hayakwenda kama yalivyotarajiwa, fedha za kigeni zilikuwa haba, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini isipokuwa kwa kibali maalumu. Sisemi kwamba uamuzi ule ulikuwa wa kipumbavu. Nchi iliyokuwa ikihangaika na njaa na bei ya mafuta ilikuwa na haki ya kuuliza mashine hizi zinamsaidia nani. Lakini matokeo yake ni kwamba, wakati San Jose wanafundisha mashine kuchagua njia, huku kwetu kazi hiyo iliendelea kufanywa na makarani wa masjala, kwa vichwa vyao. Walikuwa wengi, nao walikuwa hodari. Yule wetu wa miwani ya uzi alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1979, katika mkutano wa wataalamu mjini Boston, Patricia Selinger na wenzake wanne wa mradi ule walitoa makala inayoeleza jinsi mashine inavyoweza kuchagua. Wazo lao lilikuwa jepesi kushinda nilivyotazamia nilipolisoma mara ya kwanza. Mpangaji aiandike kila njia inayowezekana, akadirie gharama ya kila moja, hasa idadi ya kurasa zitakazosomwa kutoka kwenye diski, kisha achukue iliyo rahisi kuliko zote. Mpangaji haiheshimu faharasa kwa sababu ni faharasa. Huipima kama njia nyingine yoyote.

Tuipige hesabu hiyo kwa rejesta yetu. Tuseme ina watu 100,000, ishirini kila ukurasa, basi ni kurasa 5,000. Kuzisoma zote kwa mfululizo, tuseme kila ukurasa ni shilingi moja: 5,000. Kuruka hadi ukurasa ulio peke yake ni ghali zaidi, kwa sababu mkono wa diski lazima uhame, kama mzee alivyolazimika kufunua mbele na nyuma. Programu moja mashuhuri, PostgreSQL, iliyotokana na kazi ya Michael Stonebraker na wenzake walioianza Berkeley mwaka 1986, kwa kawaida huhesabu ruko hilo kuwa mara nne. Jina adimu lenye watu 20 litahitaji maruko 20, yaani shilingi 80. Faharasa inashinda kwa mbali. Lakini akina Ndunguru wakiwa mmoja kwa kumi, ni watu 10,000, na maruko 10,000 ni shilingi 40,000. Nani mwenye akili atalipa 40,000 kwa kitu cha 5,000? Hata akiwa mwerevu wa kuzipanga namba za kurasa kwanza, bado karibu kila ukurasa una Ndunguru ndani yake, na ataufungua tu. Kwa mfano wetu huu, tukihesabu kurasa peke yake, faharasa hukoma kuwa na faida mara tu watu wanaotafutwa wanapozidi 1,250, yaani mmoja na robo katika kila mia. Watu hudhani mpaka uko karibu na nusu. Hauko huko kabisa.

Naam, hesabu hiyo hubadilika mambo mengine yakibadilika. Kama rejesta yenyewe ingekuwa imeandikwa kwa alfabeti, akina Ndunguru wote wangekaa katika kurasa zilizofuatana, na faharasa ingefaa hata kwao. Makala ya 1979 iliyatofautisha mambo haya mawili waziwazi. Diski za kisasa zisizo na mkono wa kuhama nazo zimepunguza gharama ya kuruka, na mafundi wengi huishusha ile nne ikaribie moja. Jedwali likiwa dogo la ukurasa mmoja au miwili, faharasa haina kazi. Na zipo nyakati ambapo faharasa haifai hata kama anayetafutwa ni mmoja: ukimpa karani daftari la alfabeti na kumwomba majina yote yanayoishia na "-nguru", atalirudisha, ukimpa daftari lililopangwa kwa vijiji kwanza na kwa majina baadaye, nawe hukumtajia kijiji, atalirudisha vilevile. Wengi wanaolalamika wamekwama hapo, wala si penginepo.

Lakini kuna swali ambalo msomaji makini ameshaliuliza. Mpangaji anajuaje kwamba akina Ndunguru ni wengi, kabla hajawatafuta?

Hajui. Anaambiwa. Huwekewa takwimu pembeni, naye huziamini. Katika System R takwimu hizo zilikuwa chache mno: faharasa ikiwa na majina tofauti 400, basi kila jina lilidhaniwa kuwa na mtu mmoja katika kila 400. Pasipokuwa na faharasa, ilidhaniwa mmoja katika kila kumi, basi. Kanuni hiyo ilitungwa California na haikumjua Ndunguru. Baadaye wataalamu waliongeza orodha ya majina yanayorudiarudia. PostgreSQL siku hizi huchukua sampuli ya mistari 30,000 hivi na kukumbuka hadi majina 100 yaliyo mengi zaidi, mpaka uiambie vingine. Hata hivyo iko dhana moja ya 1979 iliyobaki kuwa ya kawaida: ukitaja jina na kijiji pamoja, mpangaji huzidisha sehemu mbili hizo kana kwamba hazina uhusiano. Huku kwetu zina uhusiano mkubwa. Kipo kijiji cha milimani ambako ukoo mmoja umejaza nusu ya nyumba, na ukishuka ufukweni jina lilelile hulisikii. Ndiyo maana toleo la 10 la programu hiyo, la mwaka 2017, liliruhusu fundi kuieleza kwamba safu hizi mbili zinakwenda pamoja.

Takwimu nazo huchakaa. Waliosoma historia ya nchi yetu wanalijua jambo hili bila kompyuta. Sensa ya 1967 ilihesabu watu milioni 12.3. Mwishoni mwa 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba ifikapo mwisho wa 1976 watu wote wa mashambani wawe wamehamia vijijini, na mamilioni wakahama. Sensa iliyofuata ilikuja 1978, ikakuta watu milioni 17.5, na wengi hawako walipokuwa. Ofisa yeyote aliyepanga zahanati mwaka 1977 kwa vitabu vya 1967 angeweza kuwa na akili timamu, elimu ya kutosha na moyo wa uzalendo, na bado akapeleka dawa kwenye mahame. Mambo ni yale yale ndani ya kanzidata. Wilaya ya Nyasa ilipomegwa kutoka Mbinga katika miaka ya 2010, rejesta yoyote iliyobadilishwa wilaya za watu wake bila kukokotoa takwimu upya ingeendelea kuamini kwamba Nyasa hakuna mtu, ufuko mzima wa ziwa, toka Lituhi hadi Mbamba Bay.

Sasa nieleze aibu niliyoitaja. Niliwahi kusimamia, katika ofisi ya umma ambayo sitaitaja, kanzidata ya wakulima waliokuwa wakigawiwa mbolea. Kila msimu mkulima aliandikwa upya, hivyo mistari ilikuwa imepita milioni moja, nayo mirefu, na mashine yetu ilikuwa ya zamani yenye diski ya kuzunguka. Siku ya kugawa, kila swali lilichukua karibu dakika nzima. Fundi wetu, kijana mwenye bidii, alikuja kuniambia amegundua tatizo: faharasa ya majina ya ukoo ipo, mashine haiitumii. Alinionyesha kwenye kioo. Programu tuliyokuwa nayo inaruhusu kumlazimisha mpangaji apite njia unayoitaka. Kijana alipendekeza tujaribu kwanza pembeni. Mimi, kwa kuwa watu walikuwa wamejaa nje na wakubwa wananipigia simu, nikasema lazimisha.

Nusu saa ya kwanza tulipongezana. Wenye majina adimu walihudumiwa kabla hawajakaa. Kisha foleni ikaanza kugawanyika kwa namna ya ajabu: wengine wanapita kama maji, wengine wamesimama palepale. Kila alipofika Ndunguru au Kapinga, mashine ilizama robo saa. Diski ya namna ile huweza maruko yapatayo mia moja kwa sekunde, nasi tulikuwa tumeiamuru iruke mara laki moja kwa jina moja. Nilikuwa nimelitwaa lile daftari jembamba kutoka mkono wa karani na kumwamuru afunue mbele na nyuma hadi jioni.

Mama mmoja mtu mzima, aliyetoka kijiji cha milimani tangu alfajiri, alinijia pale barazani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Huyu aliyekuja nyuma yangu amekwisha ondoka na mifuko yake. Na yule mwingine pia. Jina langu mimi lina kosa gani?"

Nilimwambia mashine ina matatizo. Hilo ndilo jibu tunalowapa watu. Mashine haikuwa na tatizo lolote, ilikuwa inatii. Lori la mwisho la upande wake liliondoka saa kumi na moja, naye akaondoka nalo mikono mitupu, na wengine wengi wenye majina ya kwetu walilala barazani.

Usiku ule mimi na kijana tulikaa, na kwa mara ya kwanza tukafanya jambo ambalo lingetuchukua dakika tano asubuhi. Kanzidata karibu zote zina amri ya EXPLAIN, ambayo humtaka mpangaji aeleze atapita wapi na anatazamia kukuta mistari mingapi, kabla hajaondoka. Wanafunzi mnaosoma somo hili, anzeni na amri hiyo. Tulipoondoa amri ya kulazimisha na kumwuliza, mpangaji alieleza vizuri kabisa kwa nini aliiacha faharasa: aliwakadiria akina Ndunguru kuwa laki moja, na ndivyo walivyokuwa. Alikuwa sahihi tangu mwanzo. Kosa lilikuwa kwamba faharasa tuliyompa haikulingana na swali letu, kwani kila dirisha lilikuwa likihudumia kijiji kimoja kwa msimu mmoja, na faharasa ya kijiji na msimu hatukuwa nayo. Tukaitengeneza, tukakokotoa takwimu upya, tukauliza tena. Sekunde tatu.

Nilimweleza kijana habari za karani wetu. Alicheka sana, akauliza kama mzee yule alikuwa na cheti cha kompyuta.

Yule mama alirudi Jumatatu. Nilikuwa nimeagiza waliolazwa na waliorudishwa waitwe kwanza, akapewa mifuko yake bila kungoja. Lakini mvua ilikuwa imeanza siku nne nyuma, na majirani zake walikuwa wameshapanda mahindi juu ya ngolo zao. Naye alikuwa amepanda bila mbolea, akihofia kuachwa. Aliniuliza kama mbolea ya kupandia bado yafaa kutiwa baada ya mahindi kuota. Sikujua la kumjibu, nikamwita bwana shamba.